Luambo Makiadi Franco: konseri ya utukufu na konseri ya uchungu

Tarehe 12 Oktoba 1989, Luambo Makiadi, ambaye wakubwa kwa wadogo walimjua kwa jina la Franco, alifariki nchini Ubelgiji, katika hospitali ya eneo la Namur. Alikuwa na umri wa miaka 51. Siku ishirini kabla ya hapo, tarehe 22 Septemba, alikuwa amepanda jukwaani mjini Amsterdam, Uholanzi, kwa mara ya mwisho katika maisha yake.

Miaka 15 nyuma, siku zilezile za Septemba, mtu huyohuyo alipiga gitaa katika uwanja wa michezo wa Kinshasa, kwenye tamasha kubwa kuliko yote ambayo nchi yetu ilikuwa imeona. Konseri hizo mbili, ile ya 1974 na ile ya 1989, zinaeleza maisha ya Franco vizuri kuliko orodha ndefu ya nyimbo zake. Katika moja alikuwa mfalme nyumbani kwake. Katika nyingine alikuwa mgonjwa ugenini, mbele ya watu waliokuja kuona kama bado yuko hai.

Mtoto wa mama muuza mikate

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika Bas-Congo, ambayo leo ni jimbo la Kongo Central. Baba yake, Joseph Emongo, Mtetela, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake, Hélène Mbonga Makiesi, alikuwa wa upande wa Kongo. Familia ilihamia Léopoldville, jina la Kinshasa la wakati huo, na baba akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Masomo yakaishia hapo.

Mama Makiesi alilisha watoto kwa kuuza mandazi, yale ambayo Wanakinshasa huyaita mikate, katika soko la Ngiri-Ngiri. Mtoto Franco alijitengenezea gitaa kwa vitu vya kuokota, akakaa karibu na meza ya mama yake na kupiga. Wapita njia walisimama kusikiliza, na waliosimama walinunua. Hiyo ndiyo tunaweza kuiita konseri yake ya kwanza: hakuna jukwaa, hakuna tiketi, na malipo ni mikate kuisha mapema. Tangu siku hizo alijua kwamba kazi ya mwanamuziki ni kumfanya mtu asiendelee na safari yake.

Aliyemfundisha gitaa la kweli ni Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, kijana wa mtaani aliyekuwa na kikundi chake kilichoitwa Watam. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, Franco aliingia katika studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara Mgiriki, Papadimitriou. Pale alikuwepo Henri Bowane, mwanamuziki mwenye jina kubwa wakati huo. Ndiye aliyemfupishia kijana jina lake la François likawa Franco. Studio ilimpa mkataba na gitaa jipya, na sahani zake za kwanza zikatoka mwaka huohuo. Mama wa Ngiri-Ngiri walianza kumsikia mtoto wa mwenzao kwenye redio.

O.K. Bar, tarehe 6 Juni 1956

Wanamuziki wa Loningisa walizoea kupiga jioni katika baa moja ya Oscar Kashama iliyoitwa O.K. Bar. Kati yao walikuwepo Jean Serge Essous, Vicky Longomba, Rossignol, De La Lune na kijana Franco, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 18. Waliamua kufanya orkestra yao na kuipa jina la baa iliyowapokea. Tarehe 6 Juni 1956, O.K. Jazz ilijionyesha rasmi mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, ambayo ilikuwa imetangulia na kupendwa na watu wa ofisi na waliosoma. Muziki wa Kallé ulikuwa laini na wenye adabu. O.K. Jazz ilichukua njia nyingine. Ilikuwa na ukali wa mtaa, na Franco aliimba mambo ya ndoa, ya deni, ya wivu, ya jirani mwenye mdomo mrefu. Toka siku hizo rumba ya Congo ina shule mbili, na mpaka leo ukiingia baa ya Goma au ya Lubumbashi utakuta wazee wawili wakibishana juu ya jambo hilo.

Miaka ilipopita, waanzilishi wengi waliondoka na Franco akabaki kuwa mkubwa wa nyumba. Jina likaongezwa likawa T.P.O.K. Jazz, herufi mbili za mbele zikimaanisha Tout Puissant, yaani yenye nguvu zote. Humo walipita Verckys Kiamuangana, Youlou Mabiala, Sam Mangwana, Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum, Madilu System, na Simaro Lutumba, mtunzi aliyekuwa msaidizi wake mkubwa. Mwaka 1970 Franco alipata pigo: mdogo wake Bavon Marie Marie, mpiga gitaa wa Negro Succès, alikufa katika ajali ya gari. Kaka alikaa kimya kwa muda, bila jukwaa, akiomboleza.

Usiku wa kawaida wa Franco

Ili kuelewa kwa nini konseri moja ilikuwa nzuri na nyingine mbaya, ni lazima kujua kwanza usiku wa kawaida ulivyokuwa. Katika miaka ya 1970 Franco alikuwa na ukumbi wake mwenyewe, Un-Deux-Trois, karibu na Matonge. Pale ndipo alipofanyia kazi yake ya kila juma.

Kama ilivyo desturi ya Kinshasa, bendi ilianza bila mkubwa wake. Waimbaji walipokezana nyimbo za polepole wakati watu wanaingia, wanaagiza bia, wanatafuta viti. Mkubwa alikuja baadaye, saa ambayo ukumbi umekwisha kupata joto. Alikuwa mtu mnene sana, na alipopanda jukwaani gitaa lilionekana dogo kifuani pake.

Wimbo wa Franco una sehemu mbili. Kwanza ni hadithi: waimbaji wanaeleza jambo, na watu wanacheza kwa utulivu wakisikiliza maneno. Kisha waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika njia. Hiyo ndiyo sebene. Franco alivuta nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara nyingi mbili kwa pamoja, akirudia mstari uleule mfupi mpaka uingie mwilini mwa mtu. Kwenye sahani sebene ilikatwa na urefu wa sahani. Ukumbini hakuna aliyemkata. Aliangalia wachezaji, na kama hawajachoka, hakuacha. Waliofurahi walipanda kumbandika noti za pesa kwenye paji la uso.

Kwa hiyo konseri ya Franco haikuwa kitu cha kutazama tu. Wachezaji walikuwa nusu ya orkestra. Bila watu wanaojua maneno, wanaocheka mahali pa kuchekea na kujua wakati sebene inapoingia, muziki wake ulibaki nusu.

Septemba 1974: utukufu

Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilikubali kupokea pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Pamoja na pambano hilo lilipangwa tamasha la muziki la usiku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Waliolisimamia ni mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Mmarekani, Stewart Levine. Vikundi 31 vilipangwa, 17 kati yake vya Zaire. Kutoka nje walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Manu Dibango, na Celia Cruz pamoja na Fania All Stars.

Kisha mpango ukaharibika. Siku chache kabla ya pambano, Foreman alichanika juu ya jicho wakati wa mazoezi. Ndondi ikasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukuweza kusogezwa, maana wasanii walikuwa wamekwisha kupangwa na ndege ziko tayari. Watalii waliotazamiwa kutoka Marekani na Ulaya hawakufika. Kwa wenye kuhesabu pesa, hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Lakini kwa Franco, hasara hiyo ilikuwa bahati. Uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya wageni ulibaki na watu wa Kinshasa wenyewe. Walikuja kuwaona Wamarekani, ni kweli, na James Brown aliwashangaza. Ila T.P.O.K. Jazz ilipopanda, kazi haikuwa tena ya kushangaza mtu. Watu hawa walikuwa walewale wa Un-Deux-Trois, wa Ngiri-Ngiri na wa Matonge, wamekusanyika makumi ya maelfu mahali pamoja. Mtoto wa muuza mikate alikuwa akipiga kati ya majina makubwa ya dunia, na hakuhitaji kubadilisha kitu, si lugha, si mwendo, si urefu wa sebene.

Kuna jambo la kusikitisha katika historia hiyo. Kamera nyingi zilikuwepo, lakini filamu mbili kubwa zilizotokana na siku zile, moja mwaka 1996 na nyingine mwaka 2008, zilitoa nafasi kubwa zaidi kwa ndondi na kwa wasanii kutoka nje. Muziki wa Waafrika wenyewe, Franco, Tabu Ley, Abeti Masikini, orkestra Stukas na Miriam Makeba, ulitolewa kwenye sahani mwaka 2017. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 43, na Franco, Tabu Ley, Abeti na Makeba wote walikuwa wamekufa. Anayesikiliza leo anasikia bendi iliyokuwa katika nguvu zake zote.

Jukwaa na utawala

Utukufu huo ulikuwa na bei. Uwanja ulikuwa wa Mobutu, tamasha lilikuwa la Mobutu, na Franco aliishi miaka 24 ya mwisho ya maisha yake chini ya utawala huo. Aliimba kwa ajili ya sera ya Authenticité, na mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni katika uchaguzi ambao ulikuwa na mgombea mmoja tu. Wapo wasiomsamehe kwa hilo mpaka leo, na wana haki ya kuuliza.

Utawala huohuo ulimtia gerezani. Mwaka 1978 alikamatwa pamoja na wanamuziki wake kwa sababu ya nyimbo mbili zilizohesabiwa kuwa za matusi, Hélène na Jacky, ambazo zilizunguka mjini kwenye kaseti. Mtu aliyetumbuiza taifa zima alijikuta hana jukwaa kabisa. Alipotoka hakukaa muda mrefu kabla ya kurudi katika neema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wasanii wa wakati ule: mkono uliokupa kipaza sauti ndio uliokunyang'anya.

Mwaka 1983 ulileta habari nzuri. Franco na Tabu Ley, wapinzani wa miaka mingi, walitengeneza muziki pamoja, na mashabiki wa pande mbili walishangilia. Mwishoni mwa mwaka huo T.P.O.K. Jazz ilipiga New York, na mwaka 1984 ilipiga London, katika ukumbi wa Hammersmith Palais. Mwaka 1985 ulitoka wimbo Mario, akiwa na Madilu System, juu ya kijana anayelishwa na mwanamke tajiri. Kwetu Mashariki, ambako wengi walijifunza Lingala kwa njia ya redio na nyimbo, Mario liligeuka kuwa jina la kumwitia kijana wa namna hiyo.

Uvumi

Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mrefu, Attention na SIDA, sehemu kubwa kwa Kifaransa, ili nchi nyingi zielewe. Wakati huo viongozi wengi wa Afrika hawakutaka hata kutamka jina la ugonjwa huo. Yeye aliutaja waziwazi. Alionya vijana, wazazi, walimu, waganga na serikali, na akataka wagonjwa wasitupwe.

Haikupita muda, yeye mwenyewe akaanza kukonda. Mtu aliyejulikana kwa unene wake alionekana kwenye picha akiwa amebaki mifupa. Kinshasa haikusubiri daktari. Mtaani walisema ni SIDA, wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni adhabu. Zaidi ya mara moja habari ilienea kwamba amekwisha kufa. Franco hakutangaza ugonjwa wake hadharani, na hakuna anayelazimika kuutangaza kwa niaba yake leo. Alichokifanya ni kuendelea na kazi. Mwaka 1989 aliingia studio na Sam Mangwana, aliyekuwa amewahi kuwa mwimbaji wake, wakatoa sahani ya pamoja.

Septemba 1989: uchungu

Tarehe 22 Septemba 1989, T.P.O.K. Jazz ilikuwa Amsterdam, katika ukumbi wa Melkweg. Orkestra ilikuwa ileile, yenye waimbaji hodari na magitaa yaliyozoeana. Simaro na wenzake waliweza kuongoza usiku mzima bila mkubwa, kama walivyozoea kuanza bila yeye Un-Deux-Trois.

Tofauti ni kwamba zamani mkubwa alipochelewa, watu walijua atakuja na atakaa mpaka asubuhi. Safari hii alipanda akiwa hana nguvu, mwili umekwisha, na hakuweza kukaa jukwaani kama zamani. Kwa kipimo cha muziki, hiyo ndiyo konseri mbaya kuliko zote alizofanya. Sebene inahitaji mtu asiyechoka kabla ya wachezaji, na sasa mwenye sebene ndiye aliyechoka kwanza. Tena alikuwa mbali na watu wake. Uholanzi walimpenda, lakini hawakuwa watu waliokulia katika maneno ya nyimbo zake.

Hata hivyo ni vigumu kuiita konseri ya aibu. Angeweza kubaki kitandani, na hakuna ambaye angemlaumu. Uvumi wa Kinshasa ulikuwa umemzika mara nyingi. Kwa kusimama mbele ya watu, hata kwa muda mfupi, alikataa kufichwa chumbani kama familia nyingi za wakati ule zilivyowaficha wagonjwa wao. Miaka miwili nyuma alikuwa ameomba wagonjwa wasitupwe. Amsterdam alijitokeza akiwa mmoja wa wagonjwa, taa zikimulika.

Kinshasa yasimama

Siku ishirini baadaye alifariki. Maiti ilirudishwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku nne za maombolezo ya taifa, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake tu. Tarehe 17 Oktoba alizikwa katika makaburi ya Gombe. Umati ulijaa barabarani. Baadhi ya waliosindikiza jeneza ni walewale waliokuwa uwanjani mwaka 1974, na bila shaka ni walewale waliopeleka uvumi kutoka mtaa hadi mtaa. Umati unaokupenda na umati unaokusema ni umati mmoja.

Orkestra iliendelea chini ya Simaro mpaka mwaka 1993, ilipovunjika kwa sababu ya kutoelewana na familia ya marehemu. Wanamuziki wengi waliunda Bana OK. Simaro naye alifariki mwaka 2019. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliingiza rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja.

Vijana wa Bukavu, Uvira au Bunia ambao hawakumwona wanaweza leo kumsikia bila shida, kwenye simu tu. Watasikia sahani, na sahani ni nzuri. Wakitaka kujua konseri ilivyokuwa, watafute rekodi ya 1974 na kusubiri waimbaji wanyamaze. Pale magitaa yanapoanza, viti vingi vya kwetu bado hubaki vitupu.